Babu, Nyumbu na Bahasha Yangu: Historia Fupi ya Utalii wa Safari

Najua nimepotea. Kazi za gazetini zina tabia ya kummeza mtu mzima mzima, na akirudi nyumbani usiku hana hamu tena ya kugusa kompyuta. Leo nimejilazimisha, kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni kwa muda mrefu na kule gazetini halina pa kukaa. Mtaona wenyewe kwa nini.

Nianze na kuungama. Mwaka juzi mhariri wangu aliniita mezani kwake akaniambia nijiandae, kuna kambi mpya ya kitalii imefunguliwa magharibi mwa Serengeti na wenyewe wanataka waandishi wa habari wakaione. Nikapanda ndege ndogo kutoka Arusha, nikalala usiku tatu kwenye hema lenye kitanda kipana kuliko chumba changu cha Sinza. Nikala, nikanywa, nikaona simba. Siku ya kuondoka nikapewa bahasha yenye shilingi laki moja, "ya nauli", ingawa nauli ilikuwa imeshalipwa. Mnaijua bahasha. Kila mwandishi wa nchi hii anaijua, hata yule atakayekana. Nikarudi Dar nikaandika ukurasa mzima wa sifa: idadi ya vitanda, aina ya mvinyo, jua linavyotua. Jamii inayozunguka kambi niliipa sentensi moja, kwamba "inanufaika na uwekezaji huo". Nani aliniambia? Meneja wa kambi.

Sasa kilichofuata. Mama yangu anatoka wilaya ya Serengeti, na babu mzaa mama bado yupo hai. Umri wake unazidi miaka themanini, lakini macho yake ni mazima kwa msaada wa miwani. Nilipokwenda kumsalimia nikamchukulia lile gazeti, maana mjukuu naye anataka asifiwe. Akasoma taratibu, akageuza, akasoma tena. Halafu akaniuliza:

"Mwenzangu, hii hoteli iko upande gani wa mto?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akakunja gazeti mara nne kama mtu anayetaka kufungia sukari.

"Umeandika vitanda vyote. Ila hukuuliza ile ardhi ni ya nani."

Sikuwa na jibu. Mtu nina digrii yangu ya chuo kikuu, na nilikuwa sijui historia ya mahali ambapo mama yangu alizaliwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, nikiuliza wazee, na kupekua vitabu vya maktaba. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na neno lenyewe. Safari ni neno letu. Mtu akienda Kigoma kumzika shangazi yake, yuko safarini. Hakuna simba wala kofia pana. Wageni ndio waliolichukua neno, wakalitia bunduki na turubai, halafu wakaturudishia. Aliyelipa umaarufu mkubwa ni Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani. Alipotoka madarakani mwaka 1909 alishuka Mombasa, akapanda reli hadi bara, na kwa miezi mingi yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama 512 kati yao. Waliobeba mizigo na kupika chakula walikuwa Waafrika. Hiyo ndiyo biashara ya safari ilivyozaliwa: mgeni anakuja kumchukua mnyama, mwenyeji anakuja kubeba mzigo. Bunduki ilipobadilishwa na kamera, mgawanyo wa kazi haukubadilika sana.

Lakini kabla ya Roosevelt kuna jambo kubwa zaidi ambalo shuleni sikufundishwa kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 uliingia ugonjwa wa mifugo uitwao sotoka. Ulitokea kaskazini, upande wa pembe ya Afrika, ukashuka kama moto wa kiangazi. Ng'ombe wakafa, nyati wakafa, nyumbu wakafa. Mzungu mmoja kutoka Austria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro na nyanda za Serengeti mwaka 1892 akakuta Wamasai waliokuwa wamebaki mifupa na ngozi. Juu ya njaa ikaja ndui. Vijiji vikahama au vikaisha. Pale ambapo ng'ombe walikuwa wakilisha na watu wakichoma nyasi kwa mpango, vichaka vikaota, na mbung'o wakaingia.

Fikirini sasa. Watawala wa Kijerumani na baadaye wa Kiingereza walipoyaona maeneo hayo, waliona pori lisilo na mtu, wakaamini ndivyo lilivyokuwa tangu kuumbwa kwa dunia. Kumbe walikuwa wanatazama nyumba ambayo wenyewe walikuwa msibani. Wazo la "pori la asili lisilo na binadamu" lilijengwa juu ya msiba huo, na sheria nyingi za hifadhi zikajengwa juu ya wazo hilo.

Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwanzoni hifadhi ilijumuisha hata Ngorongoro, na wafugaji wa Kimasai waliambiwa wangeendelea kuishi. Baada ya miaka michache mambo yakageuka. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai waliweka alama zao kwenye makubaliano ya kuhama Serengeti, na mwaka 1959 eneo likagawanywa: Serengeti ikabaki hifadhi isiyo na wakazi, na Ngorongoro ikawa eneo ambalo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Gavana aliwahakikishia Wamasai kwamba huko Ngorongoro, maslahi ya watu na ya wanyama yakigongana, watu watatangulizwa. Ahadi hiyo mtaiona tena chini.

Historia hii mara nyingi husimuliwa kana kwamba ni ya Wamasai peke yao. Upande wa magharibi walikuwepo Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wangoreme, watu wa jembe na upinde. Nyumbu walipopita, watu waliwinda, wakakausha nyama, wakabadilishana na majirani. Waikoma hadi leo wanayaheshimu Machaba, meno ya tembo ambayo simulizi zao zinasema yalitoka kwa mganga wa Kitatoga. Mpaka wa hifadhi ulipochorwa, mahame yao, vilima vyao vya matambiko na chemchemi zao vikabaki upande wa pili. Na kuwinda, kazi ambayo kijana alifundishwa na baba yake, kukaitwa ujangili. Babu aliwahi kufungwa miezi sita kwa sababu ya kimoro, yaani nyama pori iliyokaushwa. Anapolisimulia jambo hilo hacheki wala halii. Anasema tu kwamba aliingia akiwa mwindaji akatoka akiwa jangili, na nyama ilikuwa ile ile.

Kwa wakati huo huo, huko Ulaya Serengeti ilikuwa inakuwa maarufu. Mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Bernhard Grzimek, alikuja na mwanawe Michael kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakawahesabu wanyama kutoka angani. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai ikaanguka, na Michael akafa akiwa na umri wa miaka 24. Kaburi lake liko kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na baba yake alipofariki mwaka 1987 alizikwa hapo hapo. Filamu yao kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Sitaki kuwa mchoyo wa shukrani: bila kelele zao huenda leo tusingekuwa na Serengeti ya kujivunia. Lakini Grzimek aliamini wazi kwamba hifadhi ya taifa haipaswi kuwa na mtu ndani yake, hata mwenyeji. Alifiwa na mtoto kwa ajili ya nyika ile, na ni vigumu kumbishia mtu aliyefiwa. Huenda ndiyo sababu hatukumbishia kwa miaka mingi.

Mwaka 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko Arusha (siyo lile Azimio la 1967, msichanganye) akiahidi kwamba taifa jipya lingefanya kila liwezalo kuwalinda wanyamapori kwa ajili ya wajukuu zetu, na akaomba mataifa mengine yasaidie wataalamu na fedha. Mwaka 1963 kikafunguliwa chuo cha wanyamapori Mweka, chini ya Kilimanjaro, ili wataalamu wawe Waafrika. Ni hatua za kujivunia. Ila angalieni: ahadi ilikuwa kati ya serikali na dunia. Mwanakijiji hakuwa mezani.

Hapa nieleze kitu kilichonishangaza kuliko vyote. Miaka hiyo hiyo ya 1950 na 1960, maofisa mifugo walikuwa wakiwachanja ng'ombe dhidi ya sotoka vijijini kuzunguka Serengeti. Ugonjwa ulipokwisha kwa ng'ombe, ukaisha na kwa wanyamapori, kwa kuwa wanyamapori walikuwa wakiambukizwa na mifugo. Nyumbu waliokuwa takriban 250,000 mwaka 1961 wakafika milioni 1.3 ifikapo 1977. Yale makundi makubwa ambayo watalii wanavuka bahari kuja kuyatazama yalitokana, kwa sehemu kubwa, na sindano iliyochomwa kwenye shingo ya ng'ombe wa mfugaji. Ng'ombe huyo huyo ambaye tunaambiwa ni adui wa hifadhi! Dunia nzima ilitangazwa kuwa huru na sotoka mwaka 2011.

Tukija miaka ya 1970 na 1980, hali ikawa mbaya. Uchumi ulianguka, bei ya pembe za ndovu ikapanda, na tembo na vifaru wakachinjwa. Mwaka 1989 serikali ikaendesha Operesheni Uhai, jeshi, polisi na askari wanyamapori wakiwa pamoja, na mwaka huo huo Tanzania ikawa mstari wa mbele kuitaka dunia ipige marufuku biashara ya pembe za ndovu. Ilisaidia. Lakini wakubwa wa hifadhi walianza kukubali kwamba bunduki peke yake haitoshi, maana jangili akipita kijijini na mwanakijiji akanyamaza, askari kumi hawatamwona. Ndipo hapo mwishoni mwa miaka ya 1980 TANAPA ikaanzisha mpango wa Ujirani Mwema, wa kujenga madarasa na zahanati katika vijiji vinavyopakana na hifadhi.

Ni jambo jema, tusibeze. Lakini jirani mwema ni yule anayekuletea sahani ya pilau siku ya sikukuu. Mwenye shamba ni mtu mwingine. Wanakijiji wengine wakaanza kuuliza: kwa nini tusubiri sahani?

Jibu lilikuja kwa njia ambayo haikupangwa na ofisi yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya makampuni ya utalii yalianza kukaa chini ya mti na halmashauri za vijiji, Loliondo na Simanjiro, na kusaini mikataba: kampuni italeta wageni wa kupiga kambi na kutembea kwa miguu, kijiji kitalipwa kwa kila mgeni anayelala, na kijiji kitatenga eneo bila kulilima. Mwaka 1999 kijiji cha Ololosokwan kilifikia makubaliano na kampuni ya Conservation Corporation Africa (leo inaitwa &Beyond) kuhusu ardhi ya Klein's Camp. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, iliyokipa kijiji nguvu ya kusimamia ardhi yake. Mwaka 2005 kijiji cha Terrat, Simanjiro, kilikubaliana na kundi la makampuni ya utalii kwamba nyanda zao zisilimwe, zibaki za malisho na za nyumbu na pundamilia wanaotoka Tarangire kwenda kuzaa. Malipo: shilingi milioni 5 kwa mwaka. Hazikuwa nyingi, lakini zilifika kijijini. Na jambo zuri ni kwamba mfugaji hakuombwa aache kufuga, maana nyasi za ng'ombe ndizo nyasi za nyumbu.

Hapo serikali nayo ikaamka. Sera ya Wanyamapori ya 1998 ilileta wazo la Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, ambazo wengi tunaziita WMA. Vijiji kadhaa vinaungana, vinatenga ardhi, vinaunda chombo, kisha vinapata haki ya kuingia mikataba na wawekezaji. Kanuni za kwanza zilitoka mwaka 2002, na zilitaka angalau nusu ya mapato ya jumuiya yaende vijijini. Karatasini ni wazo zuri sana.

Upande wa kwa babu kuna WMA ya Ikona. Jina lenyewe limeunganishwa kutoka Ikoma na Nata. Ina vijiji vitano: Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Nata Mbiso na Makundusi, na eneo lake ni kilometa za mraba 242 hivi, limebanwa kati ya hifadhi ya taifa na mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo. Robanda ilikuwa na mikataba yake na kambi za watalii kabla WMA haijaja. Fedha zilikuwa zinaingia kwenye akaunti ya kijiji. WMA ilipokuja, fedha zikawa za kugawana na vijiji vingine vinne, huku kambi nyingi zikiwa kwenye ardhi ya Robanda. Wanakijiji wakagoma, na mgogoro ukachukua miaka. Vijiji vingine navyo vina hoja: nyumbu hawaulizi mpaka wa kijiji, na anayeacha kulima ili nyumbu wapite naye anastahili. Nimesikiliza pande zote mbili na kila mmoja alinishawishi mpaka nilipomsikiliza mwingine.

Kuna kidonda kingine. Wanyamapori wote Tanzania ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo kijiji kina ardhi lakini hakina mnyama, na mtalii hajaja kutazama ardhi. Kanuni za mwaka 2007 ziliamuru malipo mengi ya utalii wa picha nje ya hifadhi yapitie serikali kuu kwanza, ndipo fungu lirudi chini. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri fedha zishuke kutoka juu anajua zinavyotembea. Zinatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

Na gharama je? Gharama hazipitii juu, zinaanzia shambani. Tembo akiingia kwenye mahindi usiku mmoja, familia imemaliza mwaka. Kwa hasara hiyo sheria yetu haitumii neno fidia. Inatumia kifuta jasho, na kwa aliyejeruhiwa au aliyeuawa, kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni 1 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari, na kwa mazao kiwango kisichozidi shilingi 100,000 kwa ekari. Fananisheni na bei ya usiku mmoja kwenye lile hema nililolala. Watu wamebuni mbinu zao: uzio wa vitambaa vilivyochovywa kwenye pilipili na oili chafu, mizinga ya nyuki iliyotundikwa kuzunguka shamba kwa kuwa tembo anaogopa nyuki. Zinasaidia, lakini zinahitaji mtu akeshe.

Sasa tukumbuke ile ahadi ya gavana. Ngorongoro ya 1959 ilikuwa na wakazi 8,000 hivi. Baadaye idadi ilizidi 90,000, na serikali ikasema eneo limelemewa. Kuanzia Juni 2022 familia zilianza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari. Wakazi wengi na watetezi wa haki wanasema huduma zilibanwa mpaka hiari ikakosa maana. Mwezi huo huo, Loliondo, kilometa za mraba 1,500 ziliwekewa alama za mipaka katikati ya vurugu, wafugaji wakazuiwa kulisha humo. Mwishoni mwa 2024, baada ya maandamano, Rais Samia alikutana na wawakilishi wa Wamasai na kuahidi tume za kulichunguza suala hilo. Mimi si mwanasheria wala si Mmasai. Ninachojua kama mwandishi ni kwamba mtu akikukumbusha ahadi ya 1959, huwezi kumwambia analeta siasa.

Na wale wanaodhani tukiwatoa watu wanyama watakuwa salama, waangalie namba. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta tembo 109,051 nchini. Ya mwaka 2014 ilikuta takriban 43,330. Miaka mitano! Wengi waliuawa ndani ya maeneo yaliyolindwa, ambako mwanakijiji haruhusiwi kuingia hata kuokota kuni. Kati yake mwaka 2013 ikaendeshwa Operesheni Tokomeza, iliyoishia na ripoti bungeni ya mateso na vifo vya raia, na mawaziri wanne wakapoteza vyeo. Tembo walianza kuongezeka tena baadaye, ila funzo lilikuwa ghali kwa pande zote mbili.

Majirani zetu wamejaribu njia nyingine. Kuzunguka Maasai Mara, tangu katikati ya miaka ya 2000, wenye ardhi wa Kimasai wameunganisha viwanja vyao na kuvikodisha kwa kambi za watalii, mwenye ardhi analipwa kodi hata kama mgeni hakuja, na idadi ya vitanda inawekewa kikomo. Wao wana hati za mtu mmoja mmoja, sisi tuna ardhi ya kijiji, kwa hiyo hatuwezi kunakili tu. Na janga la korona lilionyesha udhaifu wa wote. Wageni waliokuja Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Kijiji kinachotegemea mtalii peke yake kilijifunza kwamba mtalii naye ni kama mvua.

Basi tufanye nini sisi tunaokaa mjini na kila Desemba tunapanga safari ya marafiki kwenda kupiga picha mbugani? Tunaweza kuuliza maswali ambayo mimi nilishindwa kuuliza. Kambi hii iko kwenye ardhi ya nani, na kijiji kinalipwa kwa mkataba au kwa hisani? Mkataba umebandikwa ofisi ya kijiji watu wausome? Meneja na waongozaji wanatoka wapi, au wenyeji ni walinzi na wafua mashuka tu? Nyanya na mayai vinanunuliwa wapi? Na gari letu: dereva akisema hawezi kutoka nje ya barabara, tumshukuru badala ya kumpa kitu kidogo ili asogee. Mwaka 2025 video zilisambaa zikionyesha watalii wamesimama ukingoni mwa Mto Mara, Kogatende, nyumbu wakishindwa kuvuka kwa sababu yao. Mgeni amesafiri kilometa elfu kadhaa kuja kuona uhamaji, akausimamisha kwa mwili wake.

Nimalizie na babu. Ile laki moja ya bahasha nilikuwa nimeshaitumia, lakini deni halikwishi kwa kutumia fedha. Mwezi uliopita nilitoa laki nyingine mfukoni mwangu, nikaongeza, nikakodi gari, nikampeleka babu Serengeti. Alilipiwa kiingilio cha raia getini, akapewa risiti, akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia humo kwa kupitia getini.

Saa mbili hivi alikaa kimya. Nyumbu hawakumshughulisha, simba alimtazama kama mtu anayemtazama jirani aliyenenepa. Tulipofika karibu na kilima kimoja akamgusa dereva begani.

"Simama hapa, mwanangu."

Dereva akasimama. Babu akashika kitasa cha mlango. Dereva akamwambia kwa upole, "Samahani mzee wangu, hapa hairuhusiwi kushuka." Ni kweli hairuhusiwi, na dereva hakuwa na kosa. Babu akauachia mlango. Akafungua kioo, akatazama kile kilima kwa muda mrefu, akataja majina matatu kwa sauti ya chini. La kwanza nilikuwa nalijua, ni jina la baba yake. Mengine mawili sikuyajua.

Tuliporudi nyumbani aliniita kando.

"Hiyo ndiyo uandike. Na yale majina njoo kesho nikutajie vizuri, uyaandike yasije yakapotea."

Nilikwenda kesho yake na daftari. Sasa ninayo majina kumi na saba.